Sindano na Kalamu

Mimi na mwenzangu, Mkenya, tulikuwa tukifundisha falsafa katika vyuo viwili mbalimbali, tukaamua kuandika pamoja makala juu ya elimu ya wasichana wakati wa ukoloni. Msomaji atakumbuka kuwa mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes, chini ya Thomas Jesse Jones, ilizuru Afrika Mashariki. Mwafrika ndani yake alikuwa mmoja tu, James Aggrey wa Gold Coast. Tume ilisisitiza afya, kilimo, kazi za mikono na malezi ya nyumbani. Mwaka 1925 Uingereza nayo ikatangaza sera ya kuilinganisha elimu na mazingira ya Waafrika. Mwaka huohuo shule ya Tabora ilifunguliwa kwa ajili ya wana wa machifu. Binti wa mkulima, akibahatika kusoma, alipewa sindano.

Katika rasimu yangu niliandika kwamba elimu ile ilikuwa minyororo mitupu. Mwenzangu akaipigia mstari sentensi hiyo, akaandika pembeni: "Dada, kama ni minyororo mitupu, wewe umepataje kuandika haya?" Nilikasirika. Mwezi mzima sikumjibu.

Likizo ilipofika nikaenda kwa mama, aliyesoma miaka minne katika shule ya misheni. Nikamwuliza walifundishwa nini.

"Kushona, mwanangu, na kusoma kidogo ili tufuate kitabu cha sala." Kisha akacheka. "Lakini wake wa manamba walikuja kwangu usiku niwasomee barua za waume zao kutoka kwenye mkonge. Na majibu niliyaandika mimi." Akanyamaza. "Nilitaka hesabu. Nikaambiwa hesabu ni ya wavulana."

Usiku ule nilimwandikia mwenzangu. Nilikiri kwamba nia ya mtoaji haimalizi matumizi ya mpokeaji: sala ilizaa barua. Lakini nikaongeza kwamba werevu wa mama haumsafishi aliyemnyima hesabu. Akajibu kuwa hilo la pili yeye hakuwa ameliona.

Makala yetu ilibeba hoja zote mbili, na majina yetu mawili. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Nami naongeza: na yule anayethubutu kuipigia mstari sentensi yako. Karatasi ile yenye penseli yake ninayo hadi leo.