Wati
Dukani muuzaji huuliza, "Wati ngapi?" Enzi za globu za waya swali lilitosha: ya wati 60 iling'aa kuliko ya 40, basi. Lakini wati hupima umeme unaoliwa. Mwanga unaotoka hupimwa kwa lumeni. Globu ya LED ya wati 9 hutoa takriban lumeni 800, sawa na ile ya 60 ya kizamani. Bafuni, hata lumeni nyingi hazisaidii taa ikikaa pabaya. Ya dari peke yake huacha kivuli chini ya kidevu, papo hapo pa wembe. Fundi aweke mbili, kandokando ya kioo, usawa wa uso, zenye alama ya IP44, yaani zinazostahimili maji yanayoruka. Swichi ibaki nje ya mlango.