Suluhu na Hukumu Kusini mwa Maniema: Historia ya Kupatana nje ya Mahakama katika Kasongo na Kabambare

1. Utangulizi

Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyoufikisha ugomvi mwisho wake kwa njia zisizofanana. Kuhukumu ni tendo la mmoja juu ya mwingine; kupatana ni tendo la wawili, maana kiambishi -an- chaonyesha kutendeana. Mtu aweza kuhukumiwa hali amenyamaza, lakini hawezi kupatana pasipo kusema. Makala haya yachunguza jinsi wakazi wa Kasongo na Kabambare walivyojifunza kumaliza mashauri nje ya mahakama tangu karne ya 19. Mara nyingi desturi hiyo huelezwa kana kwamba ni urithi wa kale usiobadilika. Historia yaonyesha vingine: ni elimu iliyojifunzwa upya chini ya kila utawala, na kila mara haki yake imetegemea kama mnyonge aliweza kusema kwamba hakubali.

2. Amani ya soko

David Livingstone alifika Bambarre, yaani Kabambare, mwezi wa Septemba 1869. Mwishoni mwa Machi 1871 alifika Nyangwe, kando ya mto Lualaba, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Kasongo. Soko la Nyangwe lilikuwa hasa la wanawake. Msafiri huyo aliandika kwamba hata wanaume wa nchi hizo walipokuwa vitani, wanawake waliokwenda sokoni walipita bila kuguswa. Soko lilikuwa na amani yake, na amani hiyo ilitokana na kuhitajiana: mwenye samaki alimhitaji mwenye mihogo, na aliyegombana leo juu ya bei alijua kwamba siku ya soko ijayo watakutana tena.

Tarehe 15 Julai 1871 watu wa misafara wenye bunduki waliingia sokoni hapo. Ukazuka ugomvi juu ya bei ya kuku, kisha umati ukapigwa risasi. Waarabu wenyewe walikadiria kuwa watu kati ya 330 na 400 walikufa, wengine kwa risasi na wengine kwa kuzama mtoni. Tukio hili hutajwa zaidi katika habari za biashara ya watumwa, lakini lahusu pia historia ya suluhu. Bei ya kuku ni shauri dogo mno. Hata hivyo shauri dogo halipatanishiki pale ambapo upande mmoja hauna haja ya ridhaa ya upande wa pili.

3. Baraza na sulhu

Katika miaka iliyofuata, Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliufanya mji wa Kasongo kuwa makao yake. Katika habari za maisha yake, alizozieleza kwa Kiswahili, asimulia jinsi alivyoupata utawala wa Utetera kwa kudai kwamba bibi yake alikuwa wa ukoo wa mtawala wa huko, Kasongo Rushie. Ingawa alikuwa na bunduki nyingi, alitambua kwamba katika nchi ile mamlaka yalisemwa kwa lugha ya undugu.

Misafara ilileta pia msamiati wa mashauri: baraza, shahidi, kadhi, sulhu. Baraza, ambalo pwani ni kikao cha mawe mbele ya nyumba, liliingia hata katika Kifaransa cha Kongo kwa sura ya barza. Sulhu nayo, katika sheria ya Kiislamu, ina mpaka wake: mapatano yajuzu, isipokuwa yale yanayohalalisha haramu au kuharamisha halali. Kwa hiyo wazo kwamba si kila jambo laweza kumalizwa kwa maafikiano halikuletwa Maniema na Wazungu. Lakini baraza hilo lilikuwamo katika mji wa watumwa na pembe. Mngwana aliweza kudai haki yake. Mateka hakuwa na sauti. Kasongo ilitekwa na majeshi ya Dhanis tarehe 22 Aprili 1893. Utawala wa Waarabu ukaisha, maneno yao yakabaki.

4. Daftari la sultani

Amri ya tarehe 15 Aprili 1926 ilipanga upya mahakama za wenyeji katika Kongo ya Wabelgiji. Sultani akawa hakimu mwenye karani na daftari, na juu yake ikawekwa mahakama ya wilaya chini ya mtawala wa Kizungu. Faida ilikuwapo: hukumu iliyoandikwa iliweza kuchunguzwa na kutenguliwa. Hasara nayo ilikuwapo, kwa kuwa mtu aliyezoea kuombwa na pande mbili awapatanishe sasa ndiye aliyehimiza kodi na kilimo cha pamba cha lazima. Mdai aliyemwogea sultani kwa ajili ya kodi hakuweza kumkatalia kwa wepesi katika shauri la mpaka. Ndiyo maana upatanisho wa ukoo, wa msikiti na wa misheni haukukoma. Uliendelea kando ya daftari.

5. Sheria za Jamhuri

Sheria ya tarehe 10 Julai 1968 ilikusudia mahakama za amani zichukue nafasi ya mahakama za kimila, na sheria ya tarehe 11 Aprili 2013 ikalithibitisha lengo hilo. Lakini nchi ni pana. Toka Kabambare hadi Kasongo ni zaidi ya kilomita 100, na toka Kasongo hadi Kindu, makao makuu ya mkoa, ni zaidi ya 200. Kwa shauri la deni dogo au la mbuzi aliyekula mihogo, safari peke yake yaweza kupita thamani ya kinachodaiwa. Kuhusu ardhi, sheria ya tarehe 20 Julai 1973 iliifanya kuwa mali ya dola, lakini haki za jamii juu ya ardhi zilizokaliwa kimila iliziachia amri nyingine ya baadaye. Hivyo mpaka wa shamba wategemea kumbukumbu za wazee kuliko hati.

Elimu ya kupatanisha haipatikani darasani. Kijana huketi nyuma ya wazee na kusikiliza: kila upande waeleza bila kukatizwa; mzee ayarudia maneno hayo mpaka mwenyewe akiri kwamba ndivyo alivyosema; kisha mpaka waendewa kwa miguu mbele ya mashahidi wa pande zote. Kurudia maneno ya mlalamikaji si adabu tu, bali ni namna ya kuhakikisha kwamba mnyonge amesikiwa.

Hata hivyo, pana mashauri yasiyofaa kuletwa hapo. Baada ya vita vya 1998 hadi 2003, sheria mbili za tarehe 20 Julai 2006 ziliimarisha adhabu dhidi ya ujeuri wa kijinsia. Mojawapo ilikataza makosa hayo yafutwe kwa kulipa faini pasipo kesi. Baba wawili wakikubaliana mbuzi kadhaa juu ya binti aliyetendewa jeuri, wao wamepatana; yeye hakupatana na mtu.

6. Hitimisho

Tangu soko la Nyangwe hadi sheria za 2006, swali limekuwa moja. Umbali wa mahakama waeleza kwa nini watu wanapatana, lakini hauthibitishi kwamba wamepatana kwa haki. Suluhu ni haki pale tu ambapo aliye dhaifu aweza kuikataa bila kudhurika, na njia ya kwenda mahakamani imebaki wazi kwake. Watafiti wa lugha na wa sheria wanaokusanya maneno ya baraza za Kasongo na Kabambare wafaa kuandika pia nani alisema na nani alinyamaza.