Kipandikizi cha koklea

Mtajie mama wa mji wa Nansio, kisiwani Ukerewe, neno kipandikizi, atashika mkono wake wa juu. Kwake ni ile njiti ya uzazi wa mpango aliyowekewa chini ya ngozi kliniki. Neno analo tayari, na ndiyo maana nalitaka litumike pia kwa sikio.

Tangu Juni 2017, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipoanza upasuaji wa kuweka vipandikizi vya koklea nchini Tanzania, habari nyingi zimesema watoto wamewekewa “vifaa vya kusaidia kusikia”. Jina hilo linanisumbua. Shimesikio nayo husaidia kusikia, lakini kazi yake ni kukuza sauti tu. Koklea ni kijia kilichojisokota mara mbili na nusu ndani ya mfupa, kimejaa majimaji na maelfu ya seli zenye vinyweleo vinavyogeuza mtikisiko kuwa ishara za neva. Kwa binadamu seli hizo zikifa hazioti tena, na hapo hata sauti ikuzwe vipi, hakuna wa kuipokea. Kipandikizi huziruka: kinasasauti cha nje hunasa sauti, kichakataji huipanga kuwa ishara, nazo hupita kwenye ngozi hadi uzi wa elektrodi uliopenyezwa ndani ya koklea, unaochokoza neva kwa umeme.

Nakishikilia kiambishi ki-. Bila hicho, pandikizi ni jitu la miraba minne, au mtu aliyepenyezwa chamani kuwachunguza wenzake.

Koklea je? Kiyunani chake ni konokono. Lakini Ukerewe konokono wa ziwani ndiye mbebaji wa kichocho, na watoto huonywa juu yake. Nisingethubutu kumwandika kwenye fomu ya ridhaa ya mzazi wa kisiwani. Koklea ibaki koklea.

Utafiti unakwenda mbele: mwaka 2024 madaktari wa Shanghai walitangaza kwamba watoto watano kati ya sita waliozaliwa viziwi kwa hitilafu ya jeni ya OTOF walianza kusikia baada ya tiba ya jeni. Hiyo ni kwa hitilafu moja tu, kwa hiyo kipandikizi bado kinahitaji jina.

Neno langu lina upungufu mmoja. Njiti ukishawekewa, unakaa nayo miaka. Kipandikizi cha koklea huwashwa wiki kadhaa baada ya upasuaji, kisha hurekebishwa tena na tena huku mtoto akifundishwa kusikia. Mzazi aelezwe hayo Nansio, kabla hajapanda meli.