Mafunzo ya Wanasihi Dar es Salaam: Kutoka Kilingeni hadi Kliniki ya Methadoni

Mafunzo ya watu wanaotibu nafsi kwa mazungumzo yana historia ndefu Dar es Salaam, na hayakuanzia hospitalini. Kabla jiji halijapata mwanasaikolojia hata mmoja, mitaa ya Kariakoo, Ilala na Gerezani ilikuwa na waganga waliofunzwa na waganga, na makungwi waliofunzwa na makungwi. Kariakoo ilikuwa kambi ya wapagazi wa jeshi la Uingereza baada ya mji kutekwa mwaka 1916. Vita vilipokwisha ikawa mji wa Waafrika, ikitengwa na Uhindini kwa uwanja wa wazi wa Mnazi Mmoja. Wazaramo, Wamanyema, Waluguru na Wanyamwezi walikaa nyumba moja, chumba kwa chumba, na kila kundi lilikuja na mizimu yake, ngoma zake na wajuzi wa kuzipiga.

Namna wajuzi hao walivyopatikana imeandikwa na wataalamu kadhaa. Lloyd Swantz, mmisionari wa Kilutheri, aliwachunguza waganga wa Kizaramo jijini katika miaka ya 1960 na 1970. John Janzen, mwanaanthropolojia wa Marekani, alifika Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1980 akifuatilia ngoma za uganga kuanzia Kinshasa hadi Cape Town, na kitabu chake kikatoka mwaka 1992. Utaratibu wanaoueleza ni huu: mtu anaugua, anahangaika, anapelekwa kilingeni kwa mganga. Anapungwa, na akipata nafuu haachwi aende zake. Anaambiwa kwamba pepo au mzimu aliyemshika anamtaka awe mganga. Hapo anaanza kumfuata mkubwa wake: anachuma majani, anatwanga, anaitikia nyimbo, anakaa na wagonjwa usiku ngoma inapopigwa, anasikiliza namna mkubwa anavyouliza maswali na anavyonyamaza. Miaka inapita. Kuruhusiwa kuganga peke yake hufanyika mbele ya waganga wengine, na hata baada ya siku hiyo mwanafunzi hubaki chini ya aliyemfunza na hurudi kwake mgonjwa anapomshinda.

Si yote yaliyofanyika vilingeni yalikuwa mema. Kumtaja jirani au shangazi kuwa ndiye mchawi kumevunja nyumba nyingi na kumeua watu, na hakuna sababu ya kulifunika hilo. Hata hivyo, kama njia ya kufunza, kilinge kilikuwa na kitu ambacho hospitali ya kisasa ilichukua muda mrefu kukipata: mwanafunzi alitazamwa akifanya kazi, akasahihishwa papo hapo, na hakubebeshwa mgonjwa mzito peke yake.

Utawala wa kikoloni ulileta taasisi za kuwaweka wagonjwa, lakini haukuleta mafunzo ya kuzungumza nao. Wajerumani walikuwa na Lutindi, kituo cha wamisionari wa Bethel katika milima ya Usambara. Waingereza wakafungua Mirembe, Dodoma, mwaka 1927. Kwa mkazi wa Dar es Salaam, kuugua akili kulimaanisha kutolewa jijini na kupelekwa mbali na ndugu. Wauguzi wa Mirembe walifunzwa kulinda, kulisha na baadaye kutoa dawa. Mazungumzo na mgonjwa kwa lugha yake, kuhusu maisha yake, hayakuhesabiwa kuwa kazi ya kitaalamu.

Baada ya Uhuru, shule ya udaktari ilianza mwaka 1963 katika hospitali iliyokuja kuitwa Muhimbili, Upanga, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Kariakoo. Madaktari bingwa wa akili walikuwa wachache mno kwa nchi nzima, kwa hiyo ililazimu kazi yao igawiwe watu wasio madaktari. Kati ya 1980 na 1984, Shirika la Afya Duniani na serikali ya Denmark zilisaidia majaribio katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro, ambako wauguzi na waganga wasaidizi wa zahanati walifunzwa kutambua kifafa na magonjwa makubwa ya akili na kuyatibu huko huko vijijini. Mradi ulikuwa mzuri, na jambo kubwa ulilolithibitisha ni kwamba mhudumu wa kawaida akifunzwa anaweza. Fedha za wafadhili zilipokwisha, safari za wasimamizi kutoka mkoani zikapungua, na huduma ikafifia pamoja nazo.

Kilichobadilisha hali ni ugonjwa mwingine kabisa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kufikia 1986 kila mkoa wa Bara ulikuwa na wagonjwa. Dawa hazikuwapo. Mtu aliyepimwa akakutwa na virusi alihitaji mtu wa kuzungumza naye kuhusu kifo, mke, mume, watoto, na nani aambiwe. Hivyo ndivyo mshauri nasaha, au mnasihi, alivyozaliwa kama kazi yenye jina na meza yake katika jiji la Dar es Salaam. Mwaka 1989 Theresa Kaijage, mtaalamu wa ustawi wa jamii, na wenzake walianzisha WAMATA, yaani Walio Katika Mapambano na AIDS Tanzania. Walioanza kunasihi walikuwa wauguzi, maofisa ustawi, walimu, na watu waliouguza ndugu zao wenyewe.

Mafunzo yao yalifanyika kwa siku au wiki chache. Washiriki waligawanywa watatu watatu: mmoja mteja, mmoja mnasihi, mmoja mtazamaji. Aliyekuwa mnasihi alijifunza kutokukaa nyuma ya meza, kutoanza na mahubiri, kutomkatiza mteja anapolia, na kuuliza swali lisilojibika kwa ndiyo au siyo. Kwa wengi jambo gumu lilikuwa hilo la mahubiri. Katika malezi ya pwani mtu mzima hutoa nasaha kwa kusema, mdogo husikiliza. Sasa mtu mzima aliambiwa anyamaze na mdogo aseme. Mtazamaji aliandika alichokiona, kisha watatu wakabadilishana nafasi.

Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, kituo cha taarifa za afya cha Muhimbili kilikuwa moja ya sehemu tatu za utafiti mkubwa wa kupima thamani ya ushauri nasaha na upimaji wa hiari. Nyingine zilikuwa Nairobi na Trinidad. Watu 3,120 na jozi 586 za wenza walishiriki, na matokeo yalichapishwa mwaka 2000: waliopata ushauri pamoja na kipimo walipunguza ngono isiyo salama kuliko waliopewa taarifa za afya tu. Ulikuwa ushahidi kwamba mazungumzo yanayoendeshwa na mtu aliyefunzwa yana nguvu ya tiba. Kuanzia 2001 vituo vya ushauri na upimaji vya Angaza, vya shirika la AMREF, vikaenea, na tarehe 14 Julai 2007 Rais Jakaya Kikwete na mkewe Salma walipima virusi vya UKIMWI hadharani katika viwanja vya Mnazi Mmoja, kuzindua kampeni ya taifa ya upimaji. Wanasihi walihitajika kwa maelfu, na upesi.

Upesi huo ndio ulioacha kasoro ambayo haijapona. Mafunzo yakawa semina: wiki kadhaa hotelini, vitini, maigizo, posho, cheti, basi. Mnasihi alirudi kituoni, na kuanzia Jumatatu alikuwa peke yake. Hakukuwa na mtu wa kumsikiliza akieleza kuhusu msichana aliyesema atakunywa sumu, wala wa kumtazama akifanya kikao na kumwambia pale alipokosea. Aliyechoka alihamishiwa idara nyingine, na ujuzi ukaenda naye.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, upande mwingine wa dunia, swali la nani anamtunza mtibu lilikuwa limeanza kujibiwa. Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, alikuwa akitibu wanawake waliojikata miili na kujaribu kujiua mara kwa mara, wagonjwa ambao watibu wengi waliwakwepa. Jaribio lake la kwanza lilichapishwa mwaka 1991 na mwongozo wake mwaka 1993. Tiba hiyo, tiba ya tabia ya kidialektiki, inashika mambo mawili kwa pamoja: kumkubali mgonjwa jinsi alivyo, na papo hapo kumdai abadilike. Mgonjwa hukutana na mtibu wake kila wiki, huhudhuria darasa la stadi, na huruhusiwa kupiga simu kati ya vikao pale dhiki inapopanda. Darasani hufundishwa kutulia katika wakati uliopo, kustahimili dhiki bila kuongeza balaa, kutawala hisia, na kuishi na watu bila kujidhalilisha wala kuwavunjia heshima. Mwaka 2011 Linehan alieleza hadharani kwamba yeye mwenyewe, akiwa na miaka 17, alilazwa mwaka 1961 katika hospitali ya akili ya Hartford kwa sababu hizo hizo. Waganga wa kilingeni wasingeshangaa: kwao aliyeugua ndiye huitwa kutibu.

Mafunzo ya tiba hii yanastahili kuangaliwa kwa karibu. Katika mtindo wake kamili hafunzwi mtu mmoja, hufunzwa timu. Timu husoma siku 5, hurudi kazini kuanzisha huduma kwa takriban miezi 6, kisha hurejea kwa siku 5 nyingine na kazi waliyoifanya mkononi. Kila wiki watibu hukutana wenyewe kwa wenyewe, na kikao hicho huhesabiwa kuwa sehemu ya tiba, si mkutano wa ofisi. Mmoja hushika kengele ndogo. Mwenzake akianza kumhukumu mgonjwa au kujitetea, kengele inalia. Anayesimama na mtu aliye ukingoni mwa kifo lazima naye awe na wa kumshika.

Kwa Dar es Salaam hilo ni zito zaidi kwa sababu ya sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Anayeletwa hospitali akiwa amejiumiza huingia katika shughuli za polisi na fomu yao ya majeruhi, PF3, na hofu hiyo huwafanya ndugu waseme kwamba alianguka au alikunywa kwa bahati mbaya. Mnasihi asiyefunzwa kuuliza swali la kujiua waziwazi, kwa sauti ya kawaida, hataambiwa ukweli.

Majaribio ya kurudisha usimamizi yamefanyika, na yamezaa matunda. Profesa Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake waliwafunza wauguzi wakunga kuendesha vikundi vya wiki 6 kwa wajawazito wenye virusi vya UKIMWI jijini, vikundi vya kutatua matatizo hatua kwa hatua. Moshi, washauri wasio na shahada ya saikolojia walifunzwa tiba ya kiwewe na huzuni kwa watoto yatima; jaribio la awali lilikuwa na watoto 64, na lile kubwa lililounganisha Moshi na Bungoma, Kenya, lilichapishwa mwaka 2020 likiwa na watoto 640. Tiba ilishinda huduma za kawaida katika maeneo matatu kati ya manne ya utafiti. Washauri walikuwa na wasimamizi wa hapo hapo, waliokutana nao kila wiki kupitia kila kikao. Watafiti waliuita mtindo wa uanagenzi.

Uanagenzi wa namna hiyo unahitajika pia katika tiba ya uraibu. Februari 2011 Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni kwa watumiaji wa heroini, ikafuatiwa na Mwananyamala na Temeke. Mgonjwa hufika kila siku, hunywa dozi yake mbele ya mhudumu, na arosto, maumivu ya kukosa heroini, inakoma. Dawa inaishia hapo. Hasira, aibu, vijiwe vya zamani, ndugu walioibiwa simu na vyombo, vyote hubaki kwa mnasihi, na hujirudia siku baada ya siku na watu wale wale. Kazi hiyo haifunziki kwa wiki mbili za hotelini.

Dar es Salaam haijawahi kukosa watu walio tayari kufunzwa kazi hii, tangu kilingeni hadi kliniki. Kinachopaswa kuandikwa kwenye ikama na kwenye bajeti ya kila kituo ni nafasi ya msimamizi wa wanasihi, na saa moja ya kila wiki ya kukaa naye.