Jua Lisilotajwa: Siku ya Nne katika Kitabu cha Mwanzo

Msomaji wa sura ya kwanza ya Kitabu cha Mwanzo akifika siku ya nne hukutana na jambo la ajabu: jua na mwezi vinaumbwa pasipo kutajwa kwa majina. Mwandishi anazungumzia mwanga mkubwa na mwanga mdogo tu. Nyota nazo zinafuata kana kwamba zimekumbukwa mwishoni. Si kwamba Kiebrania kilikosa majina. Maneno shemesh na yareah yalikuwapo, na Zaburi ya 136, ambayo pia inahusu uumbaji huo, inayatumia yale ya jua na mwezi waziwazi. Kunyamaza huku, basi, ni uteuzi wa makusudi.

Sababu yake imo katika historia. Wahakiki wengi huihusisha sura hii na makuhani wa karne ya 6 K.K., karne ambayo Yerusalemu iliangukia mikononi mwa Babeli na watu wake wakapelekwa uhamishoni. Huko Babeli jua lilikuwa mungu Shamash, jina lenye asili moja na shemesh. Mwezi ulikuwa mungu Sin, aliyeabudiwa hasa Uru na Harani, na ambaye Nabonido, mfalme wa mwisho wa Babeli (556-539 K.K.), alimtukuza kuliko miungu mingine. Kumtajia mhamishwa shemesh kulikaribia mno kumtajia mungu wa mtekaji wake. Wala hatari haikutoka nje tu. Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 23, kinasimulia jinsi Mfalme Yosia alivyoondoa farasi waliowekwa wakfu kwa jua penye maingilio ya hekalu la Yerusalemu lenyewe, akayateketeza magari ya jua.

Neno lililoteuliwa badala yake, ma'or, linastahili kuchunguzwa. Limetokana na or, nuru ya siku ya kwanza, na katika Kitabu cha Kutoka hutumika kwa taa ya hema ya ibada. Jua linashushwa cheo: si mungu tena, bali ni taa, chombo cha kubebea nuru iliyolitangulia kwa siku tatu. Biblia ya Muungano ya 1952 ina "nuru" siku ya kwanza na "mianga" siku ya nne. Maana imefika, lakini undugu wa maneno hayo mawili umepotea. (Umoja wa "mianga", tukumbuke, ni "mwanga", neno ambalo pia ni jina la mchawi, ngeli ndiyo imwokoayo mfasiri.)

George Smith alipochapisha mwaka 1876 vipande vya Enuma Elish, utenzi wa Kibabeli wa uumbaji, na hasa baada ya mihadhara ya Friedrich Delitzsch mjini Berlin kuanzia 1902, walitokea waliodai kwamba Mwebrania alinakili tu. Dai hilo lina ukweli kuhusu malighafi: Marduk naye anapanga nyota na kuupa mwezi kazi ya kupima siku. Lakini katika utenzi huo nyota ni sura za miungu wenyewe. Anayeita kazi ya Mwebrania nakala amesoma orodha ya vitu vilivyoumbwa, hakusoma maneno.

Kurani, katika sura ya Fussilat, aya ya 37, inashika njia tofauti kabisa: inalitaja jua, inautaja mwezi, kisha inakataza kuvisujudia.