"Fork": nani alijitenga, nani alitengwa?

Haya wasomaji, leo tuweke msimbo kando kidogo tuzungumzie neno moja la Kiingereza ambalo sisi waunda programu hulitaja kila siku: "fork". Fungua kamusi, utaambiwa ni uma. Sawa, lakini uma wa mezani ni mjukuu tu. Babu yake ni furca ya Kilatini, chombo cha shambani chenye meno mawili, kwa hiyo mama anayelima kwa fokojembe yuko karibu na asili ya neno kuliko bwana anayekula nyama hotelini. Kutoka shambani neno likahamia kwenye miti na barabara, popote kitu kimoja kinapogawanyika kuwa viwili. Hapo Kiswahili kina neno lake safi: panda. Panda ya mti, njia panda.

Kwenye tarakilishi, Melvin Conway alilitumia katika makala ya mwaka 1963 kuhusu mashine zenye vichakataji vingi. Aliyaweka maneno mawili pamoja, fork na join: kazi inagawanyika, halafu inaungana tena. Hilo la pili lishikeni, tutalihitaji.

Ken Thompson na Dennis Ritchie walipoanza kuijenga Unix mwaka 1969 pale Bell Labs, kwenye mashine ya PDP-7, nao wakalichukua. Ritchie aliandika baadaye kwamba fork ya PDP-7 ilihitaji mistari 27 tu ya asembli. Mistari 27! Kazi yake ni hii: mchakato unajinakili, na sasa ipo michakato miwili inayofanana. Uliokuwepo huitwa mzazi, uliozaliwa huitwa mwana. (Mzazi akifa kwanza, mwana huwa yatima, na kwa desturi ya Unix mchakato nambari 1 ndio unaomlea. Hawa jamaa walikuwa na ukoo mzima humo ndani.) Lakini ikiwa nakala mbili zinafanana, kila moja itajuaje ni ipi? Mfumo wenyewe unajibu: mwana hupewa 0, mzazi hupewa nambari ya mwanawe. Hakuna ubishi.

Ubishi ulikuja neno lilipotoka kwa michakato likaenda kwa watu.

Katika programu huria yeyote anaweza kuchukua msimbo na kwenda nao njia yake. Mwaka 1993 NetBSD na FreeBSD zilitoka kwenye 386BSD ya William na Lynne Jolitz, kwa sababu watumiaji walikuwa wamerundika marekebisho ambayo hayakuwa yakiingizwa. Kisha Desemba 1994 Theo de Raadt, mmoja wa waanzilishi wa NetBSD, aliondolewa kwenye kundi lake la uongozi baada ya mizozo na wenzake, na mwaka 1995 akaanzisha OpenBSD. Kiingereza kinasema kwa upole kwamba OpenBSD ni "fork" ya NetBSD. Meno mawili ya uma, yote sawa, hujui nani alimsukuma nani. Kiswahili hakikupi pa kujificha, maana kitenzi kinadai mtendaji. Walitengana? Alitengwa? Alijitenga? Silabi moja inabadilika na kesi nzima inabadilika nayo. Mimi nikisoma historia ile naona alitengwa, kisha akajitenga.

Kuna wakati hata mzazi ni nani hujui. Mwaka 1997 baadhi ya waunda kompaila ya GCC, wakiwa wamechoshwa na mwendo wake wa kinyonga, walianzisha EGCS. Aprili 1999 Free Software Foundation ikawakabidhi waasi hao GCC yenyewe. Mwana akawa mzazi! Hiyo ndiyo join ya Conway, na kwa watu ni adimu, ingawa io.js na Node.js nazo ziliachana mwishoni mwa 2014 zikarudiana 2015.

Ethereum ni kichekesho kingine. Julai 2016, baada ya wizi wa The DAO, waliobadilisha daftari ili fedha zirudi walibaki na jina la Ethereum. Wale waliokataa kubadilisha chochote ndio wakaitwa Ethereum Classic. Aliyebaki nyumbani akanyang'anywa jina la nyumba.

Halafu kuna GitHub, iliyofunguliwa mwaka 2008 na kuifanya fork kuwa kitufe. Ukikibonyeza unapata nakala yako, mara nyingi ili urekebishe kitu na ukirudishe kwa mwenyewe. Vijana wa Nairobi husema "nimefork" kama mtu aliyeazima daftari la jirani. Sina ugomvi na kitufe, nakitumia sana. Ila kimefanya kuondoka kuonekane rahisi.

Machi 2024 kampuni ya Redis iliacha leseni ya BSD kwa matoleo mapya ya hifadhidata yake. Wengi wetu tunaojenga mifumo hapa tunaitegemea, na jibu la haraka la kila mtu ni "si tufork tu". Kunakili, ndiyo, ni sekunde chache. Lakini nani atatoa viraka vya usalama mwaka mzima? Nani atajaribu kila toleo? Ndani ya siku chache Valkey ilizaliwa chini ya Linux Foundation, na nyuma yake walisimama AWS, Google Cloud na Oracle. Haki ya kuondoka ni ya wote. Mishahara ya kumlea mwana huyo ilikuwa ya wachache sana, na hakuna aliyeilipa kutoka mtaa wangu.

Mei 2025 Redis iliongeza leseni huria ya AGPL, lakini Valkey haikurudi.

Kwa hiyo humu mtaniona nikiandika kuzaa kwa Unix, kunakili kwa GitHub, kujitenga kwa OpenBSD. Kwa Valkey bado tunabishana kazini. Wenzangu wanasema ilijitenga. Mimi nasema msimbo ulibaki palepale, chini ya leseni ileile ya BSD; aliyeondoka ni Redis.