Ufa wa Injini

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii nimeifundisha kwa miaka mingi, na wanafunzi huitolea mifano ya nyumba, ya maradhi na ya tabia mbaya. Mimi hupenda mfano wa injini ya ndege ya kijeshi. Huko angani hakuna pembeni ya barabara pa kuegesha.

Tuanze na historia yetu. Baada ya maasi ya askari ya Januari 1964, jeshi la zamani lilivunjwa, na Septemba mwaka huo likaundwa Jeshi la Wananchi. Ujerumani ya Magharibi ndiyo iliyoanza kutusaidia kuunda kikosi cha anga. Mwanzoni mwa 1965 ikakasirika kwa kuwa Tanzania iliiruhusu Ujerumani ya Mashariki kufungua ubalozi mdogo Dar es Salaam, ikawaondoa wataalamu wake wa jeshi. Mwalimu Nyerere hakukubali kuchaguliwa marafiki. Nafasi hiyo ikachukuliwa na Kanada, ambayo ilifundisha marubani na mafundi wetu hadi 1970. Katika miaka hiyo kikosi kilipata ndege za uchukuzi aina ya Otter na Caribou.

Caribou ilikuwa na injini mbili za pistoni, kila moja ikiwa na silinda 14 na nguvu za farasi 1,450. Kila silinda ina plagi mbili, na umeme wake hutoka katika mitambo miwili. Kabla ya kuruka, rubani huzima mtambo mmoja, kisha wa pili, akitazama mizunguko ya injini inapungua kiasi gani. Ikipungua kupita kipimo, haruki. Naye fundi hufungua chujio la oili na kuitazama sumaku iliyowekwa mahali oili inapopita. Akiona unga laini wa chuma, huo ni uchakavu wa kawaida. Akiona vipande kama magamba, kuna beringi au gia inayokufa. Yote huandikwa katika kitabu cha injini: saa ilizofanya kazi, oili iliyotumia, joto na mgandamizo.

Wakati huo dunia ilikuwa imeshapiga hatua nyingine. Katika miaka ya 1940 mafundi wa reli wa Marekani walianza kuchoma tone la oili kwa cheche ya umeme na kuupima mwanga wake, kwa maana kila madini huwaka kwa rangi zake. Mwaka 1955 jeshi la majini la nchi hiyo lilianza utafiti mkubwa wa kuitumia njia hiyo kwa ndege. Chuma kikizidi katika oili, fundi huelekea kwenye gia na silinda; shaba ikizidi, huelekea kwenye bushi. Siku hizi injini za ndege za kivita hubeba kompyuta inayonakili joto na mtetemo ndege ikiwa bado angani.

Jambo hili si geni kwa watu wa Mbulu na Hanang. Mfugaji wa Kibarabaig hangoji ng'ombe aanguke. Hutazama manyoya, masikio, kinyesi na mwendo wake, na humtambua mgonjwa kabla mgeni hajaona lolote. Kanada hiyo hiyo ilikuja Hanang kusaidia mashamba ya ngano ya NAFCO, yaliyofikia saba, Basotu, Setchet na Mulbadaw yakiwemo, yenye eka zipatazo 100,000. Matrekta yalitunzwa kwa saa na kwa vipimo. Lakini malisho bora ya Wabarabaig yalikuwa yamelimwa, na wenyewe wakaishia mahakamani katika miaka ya 1980. Injini zilikuwa na kitabu cha afya. Ardhi na watu wake hawakuandikiwa chochote. Ufa huo ulionekana mapema, wala hapakuwa na aliyeuziba.

Vita vya Kagera vilipozuka Oktoba 1978, walimu wa Kanada walikuwa wameondoka miaka minane. Hapo ndipo elimu hupimwa. Mgeni akiondoka na ujuzi wake, tunabaki na chuma. Akiuacha vichwani na mikononi mwa vijana, tunabaki na jeshi.

Nami, niliyekuwa mkuu wa chuo cha ualimu, naona kwamba msingi wa kazi yote hii ni uaminifu wa kalamu. Fundi anayeandika kipimo ambacho hakukipima ni sawa na mwalimu anayejaza mahudhurio akiwa ofisini. Tofauti ni kwamba uongo wa mwalimu huonekana baada ya miaka, na uongo wa fundi hubebwa siku hiyo hiyo na rubani ambaye hakuwapo ulipoandikwa. Kwa hiyo, msomaji wangu, anayefundisha vijana ufundi awafundishe kwanza kuandika walichokiona, hata kama kitaizuia ndege kuruka na kumkasirisha mkubwa.